Ndevu za Papa Jeancy

Siku ya tano baada ya Gaspard kurudi nyumbani kutoka hospitali, akina mama saba wa mtaa wake walikuja na mikeka yao, wakakaa uani kwake, wakaanza kumlilia mwanawe Jeancy. Hakuna aliyewaita. Hakuna aliyewaambia kwamba Jeancy amekufa. Waliona ndevu tu, ikatosha.

Usiwacheke. Huku kwetu Uvira, mwanamume aliyezoea kunyoa akiacha ndevu ziote, watu hawaulizi kama amechoka au kama wembe umemwishia. Wanauliza nani amekufa. Mfiwa hagusi wembe mpaka siku ya kumaliza kilio. Siku hiyo ndugu wanamketisha, wanamnyoa, na maisha yanaendelea kwa namna yanavyoweza. Na katika mtaa ule hapakuwa na kidevu kilichojulikana kwa usafi kama cha Gaspard. Miaka thelathini na minne alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha sukari, na miaka yote hiyo hakutoka mlangoni kwake bila kunyoa, awe na homa, iwe sikukuu, kuwe na milio ya bunduki huko milimani. Mara moja tu watu walimwona na ndevu, mwaka aliokufa mke wake Agathe. Kwa hiyo Amandine, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye moyo mzuri na macho marefu kuliko anavyohitaji, alipochungulia akamkuta mzee kwenye kiti chake na weupe umemtapakaa mashavuni, alifunga kitambaa kiunoni akaenda kuwaambia wenzake kwamba habari ya Jeancy imefika.

Habari ilikuwa haijafika. Kilichokuwa kimefika ni maneno ya watu. Jeancy, kifungua mimba wa Gaspard, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Fizi. Wiki tatu nyuma mvua ilinyesha siku mbili mfululizo na shimo moja likaporomoka na watu ndani yake. Tangu hapo simu ya Jeancy haikupatikana. Wengine walisema alikuwemo shimoni. Wengine waliapa kwamba alikuwa amehamia shimo jingine siku mbili kabla, nyuma ya mlima, mahali pasipo na mtandao. Gaspard aliamua kuwaamini hawa wa pili. Siku ya tatu ya kuwaamini, alianguka mbele ya kioo chake akiwa na mashine ya kunyolea mkononi, na alipozinduka, nusu yote ya kulia ya mwili wake ilikuwa imelala na mdomo umekwenda upande.

Binti yake Consolée alikuwa nyuma ya nyumba akichemsha maji aliposikia kilio. Alizunguka mbio, akamkuta baba yake amejikokota mpaka mlangoni, ameegemea mwimo kwa bega zima.

"Munalilia nani?" Gaspard aliuliza. Maneno yalikuwa yanamtoka polepole siku hizo, moja moja.

"Papa Jeancy, pole," Amandine akasema. "Tuliona..."

"Muliona nini?"

Amandine alimwonyesha kwa ishara. Alijishika kidevu.

Gaspard alipandisha mkono wa kushoto, akajipapasa shavu. Consolée aliona uso wa baba yake ukibadilika, na aliona aibu kwa niaba yake, kisha akaona aibu kwa niaba yake mwenyewe, kwa kuwa ni yeye aliyemwosha mzee siku tano zote hizo, akamlisha, akambadilisha shuka, na ndevu hazikumpitia akilini hata mara moja.

"Hakuna muntu alikufa hapa," Gaspard akasema. "Mubebe mikeka yenu."

Waliondoka mmoja mmoja. Mama mmoja alikuwa amekuja na sufuria ya maharage, na alisimama nayo katikati ya uwanja hajui kama ni adabu kuiacha au kuirudisha. Mwishowe aliiacha juu ya ngazi, akakimbia.

Gaspard alirudishwa kitini. Alihema kwa muda, kisha akasema, "Leta mashine."

Mashine yenyewe ilikuwa ya chuma, nzito kwa ukubwa wake, ya zile zinazofungwa kwa kuzungusha mpini, wembe ukalala kati ya mabati mawili na makali yakatokeza pande zote mbili. Gaspard aliinunua Bujumbura kwa mshahara wake wa kwanza, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Siku ile alijaribu kwanza mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Alijikata mara mbili kabla Consolée hajamnyang'anya.

"Nitamwita Frédéric wa salon," Consolée akasema. "Akuje na ile mashine yake ya courant, ya umeme."

"Ile inafyeka tu juu, kesho ndevu ziko tena pale pale. Na courant iko wapi?" Mzee alinyoosha kidole chake kizima kuelekea kwake. "Ni weye."

"Minye sijue kunyoa mwanaume, Papa."

"Utajua." Kisha akasema lile lililokuwa limemkaa kooni tangu mlangoni. "Kila siku, Consolée. Mutoto wangu akirudia, asikute muntu alishamulilia."

Basi hapo ndipo jambo lilipokuwa, na Consolée alilielewa mara moja. Ndevu zikiota, Jeancy amekufa. Zikinyolewa, yuko hai nyuma ya mlima, mahali pasipo na mtandao. Kuanzia siku hiyo uhai wa kaka yake uliwekwa mkononi mwake kila asubuhi pamoja na kopo la maji ya moto.

Mara ya kwanza alikaribia kumchinja baba yake. Kisa chake ni hiki. Katika nyumba za watu wa kawaida pale kwetu, hakuna anayetumia wembe mzima. Unanunua mmoja, unaukunja ukiwa bado ndani ya karatasi yake, unauvunja katikati. Nusu ya kukatia kucha na kunyoa watoto vichwa, nusu unaificha juu ya mlango. Ndivyo Agathe alivyofanya, ndivyo Consolée alivyokua akiona. Alivunja wembe, akaweka nusu kwenye mashine, akakaza mpini, akajisifu moyoni kwamba hii nyingine itamfikisha wiki ijayo. Nusu ile haikuwa na pa kushikiliwa. Ilijipindua kidogo, kona yake ikachungulia nje, na alipoishusha kwenye shavu la kushoto ilichora mstari mwekundu kutoka sikioni mpaka karibu na mdomo.

Gaspard aliruka. Alichukua mashine, akaifungua kwa vidole vya mkono mmoja na meno, akaitazama.

"Uliweka nusu?"

"Si wembe ni wembe?"

Mzee alicheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kimekwenda upande pamoja na mdomo, mate yakamdondoka, lakini kilikuwa cha kwanza tangu mvua ile ya Fizi, na Consolée alicheka naye huku akimbandika vipande vya karatasi ya daftari kwenye damu. Kicheko kilipokwisha alijikuta analia, akasingizia moshi.

Mafunzo yakaanza. Wembe mzima. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto kikae usoni mpaka ahesabu mia, si hamsini, mia, kwa sababu ndevu kavu ni waya. Sabuni ya mawese ikwanguliwe ndani ya kikombe, izungushwe kwa burashi mpaka povu lisimame lenyewe. Kisha mashine.

"Usifinye," Gaspard alisema. Hilo alilisema mara nyingi kuliko yote. "Chuma iko na kilo yake. Uiachie kilo yake ifanye kazi."

Alikuwa bado karani wa mizani, hata kwenye kiti kile. Lakini mkono wa Consolée ulikuwa umezoea nusu wembe na vichwa vya watoto, ambapo usipokaza hakuna kinachotoka. Alikaza. Ngozi ikawaka, shingo ikatoka vipele vyekundu, mzee akalala chali mchana kutwa na kitambaa cha maji baridi shingoni. Asubuhi iliyofuata alikaza kidogo pungufu.

"Lazisha kichwa ya mashine ku shavu. Mpini iangalie ukuta. Njo ushushe mpini pole pole, pole pole, mpaka usikie inaanza kukwaruza. Pale pale. Usipite pale."

Na tena: "Nywele zinaangalia wapi? Upitishe kidole mbele."

Alipitisha kidole. Shavuni zilishuka, kama alivyodhani. Chini ya taya zilikwenda kando kuelekea sikio, na pale kooni zilipanda juu. Miaka ishirini na sita alikuwa ameishi na uso huu, akiuogopa, akiuomba ruhusa, akiununia, na hakuwahi kujua kwamba ndevu za baba yake zina njia tatu. Alijifunza kuvuta ngozi kwa kidole gumba. Alijifunza kwenda hatua fupi fupi na kusuuza mashine kila hatua. Alijifunza kuanza na shavu la kushoto maji yakiwa bado ya moto, kwa sababu upande huo ndio unaosikia. Upande wa kulia ulipewa yaliyobaki.

"Ule ni wa muntu mwengine," Gaspard alisema juu ya upande ule. "Umunyoe vile unataka. Hana neno."

Wiki ya pili mzee aliacha kulala chali mchana. Wiki ya tatu vipele vikakauka. Amandine alipita kila asubuhi kwa kisingizio hiki au kile, kuomba chumvi, kurudisha chumvi, na macho yake yalikwenda kwanza kwenye kidevu cha Gaspard. Akikiona kimenyolewa, alishusha pumzi. Consolée alimchukia kwa hilo siku za kwanza, baadaye akaanza kumsubiri. Ilimsaidia kuona mtu mwingine pia akiamini.

Kitu kimoja tu hakikukoma. Kila asubuhi, hata mkono wake ulipokuwa umezoea, Consolée alimkata baba yake mara moja. Kikato kidogo, mara nyingi pale pale chini ya taya la kushoto ambapo nywele zinageuka. Gaspard angesema "Ee," bila hasira, na Consolée angechana kipande cha karatasi ya daftari.

"Ulikuwa unawaza nini?" mzee angeuliza.

Na Consolée angesema. Ikawa ndiyo desturi yao. Aliuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, sokoni na kichwa chake kilijaa mambo ya soko. Siku moja alikuwa anawaza kuhusu mwanamke aliyemwita mwizi kwa sababu ya kikombe cha ndagala. Siku nyingine ilikuwa motari wa pikipiki aliyempakia pamoja na mama mmoja na mbuzi, mbuzi akamlia kitambaa cha kichwani. Siku nyingine alisema ukweli wenyewe, juu ya kaka yake.

"Nilikuwa nawaza Yaya Jeancy. Nilikuwa namukasirikia."

"Juu ya nini?"

"Alikwenda. Alisema miezi tatu. Akaniachia weye." Alibandika karatasi kwenye kikato. "Si kusema minye nakukataa, Papa. Lakini aliniachia."

Gaspard alikishikilia kile kipande cha karatasi kwa kidole, mpaka povu la upande wa kulia likaanza kukauka.

"Akirudia, umwambie vile vile," akasema. "Usimufiche. Minye nitakusaidia."

Consolée alimpenda baba yake siku ile kuliko alivyowahi kumpenda. Hakumwambia, kwao mambo hayo hayasemwi. Alimmalizia shavu la kulia kwa uangalifu, ingawa mzee mwenyewe hakulisikia.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya tano, mchana, jua limesimama, alipotokea sokoni kijana aitwaye Vainqueur. Huyu alikuwa rafiki wa Jeancy tangu shule, na waliondoka pamoja kwenda machimboni. Alisimama mbele ya meza ya ndagala bila kuuliza bei, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu usio wa Uvira. Consolée alitazama viatu. Uso hakutaka kuutazama.

"Yaya yako alikuwa mu shimo," Vainqueur akasema.

"Walisema alihama."

"Alihama. Kisha akarudia kuchukua vyombo vyake. Njo mvua ikamukuta." Alitoa ndani ya shati kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa kadi ya mpiga kura, imelowa na kukauka, na picha ya Jeancy bado inaonekana, paji la uso na jicho moja. "Tulimutoa siku ya kwanza ya wiki hii. Tulimuzika kule kule. Hakukuwa namna ya kumuleta."

Akaja mteja. Consolée alimpimia vikombe viwili, akamwongeza na kiganja juu kama kawaida, akamfungia. Mikono yake ilifanya kazi yote hiyo yenyewe. Mteja alipokwisha kwenda alikaa chini nyuma ya meza, kwenye magamba na maji ya samaki, akaifunika kadi kwa mikono miwili, na hakulia. Alikuwa anafikiria kwamba sasa hatapata tena wa kumwambia uliniachia.

Alipoweza kusimama alimshika Vainqueur kola ya shati.

"Usifike kwetu. Usimwambie Papa."

"Nimwambie nani basi? Ni yeye baba."

"Papa akisikia vile ghafula atakufa. Anfirmie wa hospitali alinikataza. Alisema mustuko ingine, basi." Aliachia kola. "Baba mudogo atamwambia. Unipe siku tatu."

Baba mdogo ni Étienne, ndugu wa Gaspard, aliyekuwa akilima Lemera huko mlimani, mtu wa kanisa, mwenye sauti nzito inayofaa kwa habari za namna hiyo. Consolée alimpigia pale pale sokoni. Étienne akasema atashuka Jumamosi, na kwamba asubiriwe, asitangulie mtu. Basi zilibaki asubuhi tatu za kumnyoa mzee kana kwamba hakuna kitu. Na lazima niseme yote: Consolée hakuficha kwa sababu ya muuguzi peke yake. Maadamu baba yake hajui, kulikuwa bado na mtu mmoja duniani ambaye ndani ya kichwa chake Jeancy alikuwa hai, anachimba, anatafuta mahali penye mtandao. Alitaka kaka yake akae mle siku tatu zaidi. Nani angemlaumu?

Alificha kadi ndani ya gunia la unga. Alipika, akamlisha baba yake, akajibu alipoulizwa habari za soko kwamba samaki ni wachache kwa sababu ya mbalamwezi. Alikwenda kulala mapema akisema kichwa kinamuuma, na hilo halikuwa uongo.

Asubuhi alichemsha maji. Alipokuwa akikwangua sabuni ndani ya kikombe, aliogopa. Akiwaza atamkata, akimkata ataulizwa alikuwa anawaza nini, na hakuwa na uhakika kwamba mdomo wake utadanganya vizuri. Kwa hiyo alijiambia: usiwaze. Tazama ndevu tu.

Alikaza kitambaa cha moto usoni mwa mzee, akahesabu mia. Alihesabu yote, hakuruka. Alizungusha burashi mpaka povu likasimama. Aliweka wembe mpya, mzima, akakaza mpini. Alipitisha kidole kwenye shavu la kushoto kutafuta njia ya nywele ingawa aliijua. Alilaza kichwa cha mashine shavuni, mpini ukitazama ukuta, akaushusha polepole mpaka akasikia ule mkwaruzo mdogo, na hapo akasimama, akaiachia chuma uzito wake.

Ilishuka yenyewe. Alisuuza. Ilishuka tena. Nje Amandine alikuwa anafagia, pikipiki zilikuwa zinapanda barabara ya soko, na yeye hakusikia kitu isipokuwa ule mkwaruzo. Alivuta ngozi kwa kidole gumba. Alifika chini ya taya, pale nywele zinapogeuka kwenda sikioni, akageuza mashine pamoja nazo bila kuinyanyua sana, akapita. Akapita tena. Akafuta povu kwa kitambaa. Shavu lote la kushoto lilikuwa safi, laini, halina hata chembe ya wekundu. Hakuwahi kunyoa vile. Nadhani hata Gaspard mwenyewe, na mkono wake mzima, hakuwahi.

Alizunguka kiti kwenda upande wa kulia.

"Consolée," mzee akasema.

"Papa."

Gaspard alikuwa amejishika shavu la kushoto. Aliteremsha vidole taratibu, kutoka sikioni mpaka kidevuni, akavirudisha chini ya taya, akavikaza pale penye kikato cha kila siku. Akavitazama. Havikuwa na damu.

"Leo sikusikia kitu," akasema.

"Nimeshajua, Papa. Weye njo ulinifundisha."

"Siku zote uko unanikata."

"Leo nilichunga."

"Siku zote uko unanikata juu uko unawaza." Alimgeukia kwa shida, shavu moja tupu na jingine limejaa povu. "Leo ulikuwa unawaza nini?"

Consolée alifungua mdomo. Alikuwa ameandaa mbalamwezi, alikuwa ameandaa bei ya mafuta, alikuwa ameandaa yule mama na mbuzi kama italazimu. Hakuna hata kimoja kilichokuja. Alisimama na mashine mkononi, maji ya sabuni yakimtiririkia mpaka kiwikoni, na kadiri alivyokaa kimya ndivyo baba yake alivyomtazama kwa upole zaidi, mpaka akashindwa kumtazama.

"Ni nani alikuambia?" Gaspard akauliza.

"Vainqueur. Jana."

"Alimuona na macho yake?"

"Ni beye balimuzika, yeye na benzake."

Alimsogelea haraka, akidhani ataanguka, maana ndivyo alivyoambiwa kwamba ataanguka. Gaspard hakuanguka. Alifumba macho. Chozi lilitoka kwenye jicho la kushoto likashuka juu ya ngozi iliyonyolewa bila kuzuiliwa na kitu, na la upande wa kulia likaingia ndani ya povu. Alihema mara nyingi. Mkono wake mzima ulikuwa umemshika binti yake kifundo cha mkono, ule wenye mashine, na ulimshika kwa nguvu mpaka ukamuuma.

"Toa wembe," akasema mwishowe.

Consolée alizungusha mpini, akafungua, akautoa wembe mzima ambao ulikuwa umenyoa shavu moja tu. Aliukausha kwa pindo la kitenge, akaurudisha katika karatasi yake. Kisha alichukua kitambaa ili amfute povu lililobaki.

Gaspard alikikataa kitambaa. Alijifuta mwenyewe kwa kiganja cha kushoto, vibaya, povu likabaki sikioni, na chini yake zilionekana ndevu nyeupe za siku moja, fupi, za upande ule usiosikia.

"Huu nao, Papa? Nisimalize?"

"Uache vile."

Aliegemea kiti. Alionekana mdogo, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli, na Consolée alitaka kumwambia samahani bila kujua ni kwa lipi: kwa kuficha, au kwa kujua kunyoa.

"Enda kwa Amandine," Gaspard akasema. "Umwambie minye niliwafukuza bure. Bakuje na mikeka yabo."

Consolée alitoka kama alivyokuwa, miguu mitupu, sabuni mikononi. Amandine alikuwa mlangoni kwake na ufagio. Alitazama mikono ile, kisha akatazama nyuma yake, kupitia mlango ulioachwa wazi, mpaka kwenye kiti ambapo Papa Jeancy alikuwa amekaa na nusu ya uso wake imenyolewa. Aliegemeza ufagio ukutani, akafunga kitambaa kiunoni, akaingia ndani kuchukua mkeka.